Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Tupimeni Kifua Kikuu Kwenye Foleni ya Salfa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam, Daktari. Mimi ni mkulima wa korosho huku Newala, na pia ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini kwetu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili si la kijiji kimoja. Wenzangu wa Tandahimba na Masasi wakisoma watasema nawasemea wao.

Ombi langu ni moja: uchunguzi wa kifua kikuu vijijini ufuate kalenda ya korosho.

Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni tarehe 24 Machi. Kuna hotuba, gari la matangazo na fulana, nami sina ugomvi na fulana. Lakini Machi kwetu ni mvua. Watu wako mashambani wanapalilia na njia za vijijini ni tope tupu. Anayesikia tangazo ni yule anayekaa karibu na barabara, ambaye zahanati nayo iko karibu naye.

Uje Juni uone, msimu wa kupuliza salfa, ule unga wa kukinga mikorosho na ukungu, ukianza. Mtu anaingia chini ya mikorosho alfajiri, mashine mgongoni, kipande cha khanga kimefungwa puani, anatoka macho mekundu na nguo zimegeuka njano. Akikohoa wiki ya kwanza, ni salfa. Wiki ya tatu, bado ni salfa. Dukani anapewa dawa ya maji ya kikohozi, anapata nafuu siku mbili, kinarudi. Ikifika Septemba suruali haikai kiunoni, usiku shuka linalowa jasho, na nyumbani wanasema salfa ya mwaka huu ilikuwa kali. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kumpeleka mtu akapimwe makohozi. Huyu amekohoa miezi mitatu, analala chumba kimoja na wanawe.

Salfa hiyo hiyo hugawiwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Siku ya mgao ghala la chama linajaa wakulima ambao zahanati hawajaikanyaga tangu chanjo za utotoni, wengi wao wanaume, na hawa ndio wagumu kuwapata. Tupewe meza pale. Tutawauliza habari ya kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Atakayekuwa na dalili atoe makohozi hapo hapo, pembeni, penye upepo. Foleni yenyewe ni ya saa nyingi, hakuna atakayelalamika kwamba tumempotezea muda.

Kisha kuna safari ya kile kikombe cha makohozi. Mashine ya kupima vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu hutoa majibu ndani ya saa mbili, ila haiko kijijini. Sampuli inaposubiri mtu mwenye safari ya mjini, siku zinapita na mgonjwa anarudi shamba. Naomba halmashauri zitenge mafuta ya bodaboda kwa siku hizo za mgao, na majibu yaje kwenye simu ya mhudumu, ili tumfuate mtu huko huko aliko.

Akianza dawa mwezi Juni, miezi miwili ya mwanzo, yenye dawa nne, inamkuta bado yuko kijijini. Hapo tunaweza kumkalia karibu. Kuna mzee mmoja aliacha siku ya tatu kwa sababu mkojo ulikuwa mwekundu, akaamini figo zimeharibika. Nilimweleza kwamba ni rangi ya dawa tu, hakuniamini mpaka alipokutana na mwingine aliyetumia akapona. Mambo kama haya bango halitayamaliza.

Ugumu unakuja Oktoba, watu wanapohamia mashambani kuokota korosho. Wengine wanavuka hadi Nanyumbu au Liwale. Mgonjwa amenenepa, kikohozi kimekatika, anaona amepona, na miezi sita ya dawa haijatimia. Hapo ndipo usugu wa dawa unapozaliwa. Kabla ya kuondoka apewe dawa za kutosha, kadi yake, na jina la zahanati itakayompokea. Wanaobaki nyumbani nao wachunguzwe, na watoto wa chini ya miaka mitano wasio na ugonjwa wapewe dawa ya kinga.

Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu mwaka 1977, na kutokana na kazi aliyoifanya hapa Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, dunia ikajifunza namna ya kumsimamia mgonjwa hadi amalize dozi. Kwa hiyo sikuombi kitu kigeni. Dawa ni bure na zipo. Naomba tarehe zibadilike, na wahudumu wanaozunguka wapate posho inayofika kwa wakati.

Tunachohitaji kutoka kwako ni vikombe, na viwe vimefika kabla mgao haujaanza. Meza na kivuli tutatafuta wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Newala