Barua kwa somo yangu, Wete

Mji Mkongwe, Unguja

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeusoma, na lililonikaa moyoni ni lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo: paka wenu Shaba anakojoa kwenye miswala, na shemeji keshasema akirudia tena atatiwa kikapuni akatupwe sokoni. Nakuomba, somo, msimtupe. Angalau msimtupe kabla ya kumwita mtu anayejua.

Uzito wake naujua. Paka mwenyewe si najisi, tumesomeshwa hivyo tangu chuoni, lakini mkojo wake ni najisi, na nyumba ambayo mtu hana hakika ya pahala pa kusalia haina raha. Shemeji ana haki ya kukasirika. Lakini paka hakojoi mswalani kwa kutukomoa. Lipo linalomsumbua.

Unamkumbuka paka dume wa mama, yule aliyekuwa akirusha mkojo ukutani? Daktari wa mifugo alimpima kwanza, kisha akatuunganisha na mtaalamu wa tabia za wanyama, tukazungumza naye kwa simu ya vidio. Swali lake la mwanzo lilikuwa hili: anakojoa amesimama au amechuchumaa? Paka anayesimama, mkia juu, akarusha kidogo ukutani, anaweka alama ya mpaka wake. Anayechuchumaa sakafuni au juu ya kitambaa, huyo anafanya haja, na pengine choo chake hakipendi au kibofu kinamuuma. Ni mambo mawili mbalimbali na tiba zake mbalimbali. Kwa hiyo mwangalie Shaba leo hii.

Ukimuona anajikamua na mkojo hautoki, au unatoka matone yenye damu, usingoje mtaalamu wala kesho. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, ikiziba anaweza kufa katika siku moja au mbili. Hata akiwa mzima machoni, daktari aanze. Uingereza wataalamu wengi wa fani hii hawampokei mnyama mpaka atoke kwa daktari, na mimi naona ni sawa kabisa, maana maumivu hayafundishiki.

Halafu mtaalamu akamtaka mama achore nyumba. Mama alichukua kalenda ya zamani, akachora nyuma yake: bakuli la chakula hapa, boksi la mchanga hapa, milango, madirisha, kisha akatia alama kila palipopata mkojo. Alama zote zikawa upande mmoja, chini ya dirisha la uchochoroni. Usiku madume ya mtaa hukaa pale kwenye ngazi ya jirani, na wetu alikuwa akiwaona na kuwajibu. Basi akahasiwa, ubao wa chini wa dirisha ukawa unafungwa tangu magharibi, na boksi likaondolewa karibu na chakula, kwani paka hapendi kula na kwenda haja pahala pamoja. Haikuisha siku ile. Ilipungua polepole, na mtaalamu alikuwa ametwambia tangu mwanzo kwamba hatoi ahadi. Anayekuahidi paka atanyooka kwa wiki moja, somo, mkimbie.

Sasa kwako. Mtaalamu hana macho nyumbani kwenu isipokuwa yako, kwa hiyo usimfiche kitu. Mwambie mnajenga chumba cha nyuma na nyundo zinalia kutwa. Mwambie mama mkwe kahamia na paka wake, kwa sababu paka wawili hutaka maboksi matatu, na yasiwe yamepangwa pamoja. Kama shemeji kampiga kandambili, sema pia. Hapo hahukumiwi mtu. Paka akipigwa hajui kapigwa kwa mkojo wa asubuhi, anachojifunza ni kumuogopa mpigaji, kisha atakojoa mvunguni ambako hamumuoni, na hofu yenyewe humzidishia kukojoa ovyo. Andika katika daftari saa, pahala, na kilichotokea kabla. Mrikodi kwa simu bila ya kumwita wala kumfukuza.

Miswala ifueni kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu, zile zinazovunja uchafu wa mkojo), kisha muisuuze vizuri kwa maji. Msitumie dawa yenye amonia, kwa pua ya paka ile inafanana na mkojo, atarudi palepale. Na kwa sasa miswala ikunjwe ikishasaliwa, iwekwe juu.

Umesema kamparura mtoto. Hilo silipendi. Akiparura au kuuma tena, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana kichaa cha mbwa humpata na paka. Na umwambie daktari, kwa sababu paka mpole akigeuka mkali ghafla, mara nyingi pana pahala panamuuma.

Nambari ya mtaalamu nakutumia usiku huu. Gharama tutasaidiana, usione haya, Shaba nimemlea na mimi alipokuwa mdogo. Nisalimie mama mkwe na watoto, na shemeji mwambie mimi ndiye niliyeomba muda.

Somo yako