Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tovuti Zetu na Mteja Anayetafuta Mjenzi wa Nyumba Dodoma

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wajenzi wa nyumba za makazi. Masuala ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, hivyo sitayarudia. Yangu inahusu kazi ambayo mkutano uliopita uliikabidhi kamati, yaani kuboresha maudhui ya tovuti za wanachama ili mteja anayetafuta mjenzi mtandaoni atuone.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu ukatangazwa kuwa jiji mwezi Aprili 2018, tumepata wateja wengi ambao hawakukulia hapa. Mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, uliko Mji wa Serikali, akitokea Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuwa amekwisha kununua kiwanja Iyumbu au Nala, lakini hana ndugu wala jirani wa kumwelekeza kwa fundi anayeaminika. Mtu huyo huchukua simu na kuandika swali lake Google. Tusipokuwepo katika majibu anayoletewa, kazi itakwenda kwa anayeonekana, hata kama hajawahi kuchimba msingi katika udongo wa kwetu.

Kamati ilipozipitia tovuti za wanachama ilikuta nyingi zinasema maneno yaleyale: kampuni ina uzoefu, inazingatia ubora, inamjali mteja. Maneno hayo hayajibu swali la mtu yeyote, na injini ya utafutaji kama Google haina sababu ya kuuchagua ukurasa mmoja kati ya kurasa kumi zinazofanana. Tangu Agosti 2022 Google imekuwa ikiupa uzito zaidi ukurasa ulioandikwa kwa manufaa ya msomaji, na Desemba ya mwaka huohuo iliongeza uzoefu wa mwandishi katika mwongozo wa wakaguzi wake wa ubora, yaani watu wanaotathmini majibu ya utafutaji. Kwangu hii ni habari njema, kwa sababu uzoefu ndio mali tuliyo nayo. Tulichokosa ni kuuandika.

Mfano ninaopenda kuueleza kwa kirefu ni wa udongo. Sehemu za mabondeni katika jiji letu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka. Kwa kuwa mvua zetu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu, udongo huo hupanda na kushuka kila mwaka, na nyumba yenye msingi mwepesi hupasuka kuta, hasa kwenye pembe za milango na madirisha. Mwanachama wetu mmoja alikuwa na ukurasa wenye kichwa kilichosomeka "Huduma Zetu" na sentensi mbili tu chini yake. Kwa ushauri wa kamati aliuandika upya kwa kichwa "Jinsi ya kujenga msingi kwenye udongo wa mbuga Dodoma", akaeleza namna anavyouondoa udongo mweusi na kujaza changarawe iliyoshindiliwa, kwa nini anafunga mkanda wa zege wenye nondo juu ya msingi, na kwa nini maji ya paa yasiachwe yakasimama karibu na ukuta. Aliweka na picha za mtaro wa msingi, za kabla na baada ya kumwaga zege. Mteja akisoma ukurasa huo anajua anazungumza na mtu aliyeingia kwenye mtaro huo mwenyewe.

Swali la bei limetuletea mjadala mkali katika kamati. Baadhi ya wenzetu waliona kutaja bei ni kuwapa washindani silaha. Msimamo wangu ni kwamba mteja ataitafuta bei kwa vyovyote, na asipoikuta kwetu ataikuta kwa mtu asiyejua mchanga na kokoto vinauzwaje hapa. Napendekeza tuandike makadirio kwa hatua, yaani msingi, boma, kupaua na umaliziaji, tukitaja ukubwa wa nyumba na mwezi ambao bei zilichukuliwa, kisha tuyarekebishe bei ya saruji, nondo au bati inapobadilika.

Kuhusu picha, naomba tuache kabisa kuweka nyumba za nchi nyingine ambazo hatukuzijenga. Ni kumdanganya mteja, na picha hizohizo zimejaa kwenye tovuti nyingine nyingi. Picha ya nyumba ya vyumba vitatu tuliyoijenga Nzuguni, iliyopewa jina linaloeleweka badala ya namba za kamera, na yenye maelezo mafupi ya kile kinachoonekana, ina thamani kubwa zaidi. Ipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa, maana ukurasa mzito humalizia mteja bando, na Google hupendekeza sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mwenye nyumba aombwe ridhaa kwanza, kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mambo ya kitaalamu yaliyobaki ni machache. Tovuti isomeke vizuri kwenye simu, kwa kuwa Google huzipima kurasa kwa umbo lake la simu. Jina la kampuni, namba ya simu na mahali ilipo ofisi vifanane kwenye tovuti na kwenye ramani za Google. Kila mwanachama afungue pia Search Console, huduma isiyolipiwa inayoonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaletewa ukurasa wake. Maneno hayo ndiyo yatuongoze katika kuchagua la kuandika.

Natoa tahadhari kwa uzito wote juu ya watu wanaopita ofisini wakiahidi nafasi ya kwanza katika majibu ya Google kwa malipo. Kununua viungo (yaani kulipa tovuti nyingine ziweke linki za kuelekea kwako), kurudiarudia "mkandarasi bora Dodoma" katika kila mstari, na kumwaga mamia ya kurasa zilizotengenezwa na mashine bila manufaa kwa msomaji ni vitendo vinavyokiuka sera za Google, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa katika majibu.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: kuendesha mafunzo ya uandishi na upigaji picha za kazi kabla mvua hazijaanza, wakati misingi mingi inachimbwa, na kutenga sehemu ya ada kumlipa mhariri atakayesaidia wanachama ambao mafundi wao wanajua kueleza kazi kwa mdomo lakini hawana muda wa kuandika. Makadirio ya gharama yameambatishwa kwenye taarifa ya mweka hazina, nami naomba yajadiliwe na kupitishwa.

Mwenyekiti,
Dodoma