Barua ya wazi kwa Gavana wa Ohio: Umeme wa vituo vya data ulipiwe na wenye vituo

Mheshimiwa Gavana Mike DeWine,

Kwa heshima nakuandikia nikiwa mkazi wa Columbus, mmoja wa wasemaji wa Kiswahili waliohamia jimbo hili, kukuomba ushirikiane na Bunge la Jimbo kutunga sheria itakayozuia gharama ya umeme wa vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta nyingi za kuhifadhi na kuchakata taarifa, kubebeshwa kaya za kawaida.

Mahitaji ya umeme ya vituo hivyo ni ya kweli. Anayepita New Albany, karibu na Columbus, huona majengo marefu yasiyo na madirisha, na kando yake vituo vya kupozea umeme vilivyosheheni transfoma. Mwaka 2023 kampuni ya umeme ya AEP Ohio ilisitisha mikataba mipya ya vituo hivyo katikati ya jimbo, kwa kuwa njia za kusafirisha umeme zingezidiwa. Kisha mnada wa PJM, inayoendesha gridi katika majimbo 13, ukapandisha bei ya kuhakikisha umeme unakuwepo kutoka dola 28.92 kwa megawati kwa siku hadi dola 269.92 katika mwaka mmoja, na ongezeko hilo likashuka hadi kwenye bili zetu.

Julai 2025 Tume ya Huduma za Umma ya Ohio, inayosimamia kampuni za umeme, iliamuru kwamba kila kituo kipya cha data kinachozidi megawati 25, katika eneo la AEP Ohio, kilipie angalau asilimia 85 ya umeme kilioomba, kitumie kisitumie, kwa hadi miaka 12. Maombi yaliyokuwa takriban megawati 30,000 yakashuka hadi 13,000 hivi. Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili, Mheshimiwa: zaidi ya nusu ya mahitaji yaliyotajwa yaliondoka mara waombaji walipotakiwa kujifunga kwa fedha zao, na laiti nyaya zingekwisha kujengwa kwa ajili yao, deni lingebaki kwetu.

Hata hivyo, amri hiyo inahusu kampuni moja, na makamishna wajao wanaweza kuibadilisha. Mwaka huohuo Oregon ilitunga sheria ya kuwatenga watumiaji wakubwa katika kundi lao la bei, na Texas ikataka watumiaji wapya wa megawati 75 au zaidi wawe tayari kupunguziwa umeme gridi inapoelemewa. Ohio inahitaji yote mawili, kwa kampuni zote za umeme.

Mwaka 2025 ulitumia kura ya turufu kuunusuru msamaha wa kodi ya mauzo wa vituo hivi. Naomba sasa msamaha huo utolewe tu kwa kituo kilichokubali masharti haya kwa maandishi.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Columbus