Zuhura mwanangu: kuhusu mkono wa babu yako

Zuhura mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika Jumanne pamoja na begi la nguo chafu, kama vile huko bwenini hakuna maji wala sabuni. Mama yako anazifua huku anasonya. Sisi wengine hatujambo.

Umeuliza jambo ambalo humu ndani hakuna mtu mzima aliyeliuliza: ikiwa daktari alisema ni kiharusi, mshipa wa damu umeziba kichwani upande wa kulia, mbona mkono wa babu uliopooza ni wa kushoto? Ukasema mfumo wa fahamu mmeusoma kwa Kiingereza, majina umeyakariri na jaribio umefaulu, ila ukimtazama babu huoni vinahusiana vipi. Hata mimi sikuwa naona. Lakini hii ni wiki ya tisa nampeleka kwenye mazoezi ya viungo, na yule mama anayemfanyisha nimemchosha kwa maswali. Usiku nasoma. Nakuandikia nilichoelewa.

Kwanza utupe ule mfano wa nyaya. Mimi umeme nimeufanyia kazi miaka 22, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kusema ubongo ni meni swichi na neva ni waya, na mfano huo ukanipoteza. Ukibonyeza swichi hapa, taa ya mwisho wa uwanja inawaka papo hapo. Mwilini mambo yana mwendo wake. Mwaka 1850 Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, alipima ujumbe unavyosafiri kwenye neva ya chura akapata kama mita 27 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 97 kwa saa: basi la mikoani, dereva akijua mbele hakuna trafiki. Kwa binadamu neva za haraka zaidi zinapita mita 100 kwa sekunde, na zipo nyingine zinazokwenda mita moja tu. Mtu anatembea.

Hili unalijua tayari kwa kidole chako. Unakumbuka pasi ya mkaa, ulipokuwa darasa la tatu? Mkono uliruka wenyewe, hujajua hata kuna nini. Kisha ukachomwa kama sindano. Kisha, baada ya kitambo kidogo, ndiyo yakaja yale maumivu mazito yaliyokuliza hadi Isha. Zile zilikuwa safari tatu. Ya kwanza iliishia mgongoni: habari ya moto ilifika kwenye ugwe na amri ya kuondoa mkono ikatolewa palepale, ubongo haukusubiriwa. Ya pili ilipanda hadi kichwani kwa neva zilizovaa utando wa mafuta uitwao mayelini. Ya tatu ilipita kwenye neva nyembamba zisizo na utando huo, ikajikokota. Sisi mafundi tunauvisha waya plastiki ili usimuue mtu. Mwili unaivisha neva mafuta ili ujumbe uruke kutoka pengo hadi pengo la utando huo, na hapo ndipo kasi inapatikana.

Nimesema ugwe. Sisi mtaani “uti wa mgongo” tunaita vyote, mfupa na kilichomo. Vitabu vinatenganisha: pingili ni mifupa, na ugwe ni kamba laini inayopita katikati yake, unene kama wa kidole chako cha mwisho, urefu kama sentimita 45 kwa mtu mzima. Haufiki mwisho wa mgongo, unakomea usawa wa juu ya kiuno. Ndiyo maana mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo anapotolewa maji kwa sindano, anachomwa chini ya hapo, sindano isije ikaugusa. Kutoka kwenye ugwe zinachomoza jozi 31 za neva kwenda mikononi, kifuani, tumboni, miguuni.

Na neva yenyewe ni fungu la mikia. Seli ya neva, neuroni, ina kiwiliwili kidogo usichokiona kwa macho, ina matawi ya kupokelea habari, na ina mkia mmoja wa kupelekea. Mkia wa neuroni inayochezesha dole gumba la mguu wako unaanzia mgongoni, na kwa mtu mrefu unakaribia mita nzima. Seli moja! Ndani ya ubongo peke yake ziko kama bilioni 86. Zamani walikuwa wakikisia bilioni 100, mpaka mwaka 2009 mwanamke wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake walipousaga ubongo ukawa kama supu wakahesabu viini vya seli. Nilipomsomea mama yako akaniambia niache, alikuwa anapika.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hazigusani. Kwangu mimi waya ukikatika kazi imesimama. Huku, kati ya neuroni na neuroni mna mwanya uliowekwa makusudi, na ujumbe ukifika ukingoni unageuka kuwa kemikali ili uvuke. Aliyethibitisha ni mwanasayansi Otto Loewi, mjini Graz, Austria, mwaka 1921. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lilimjia ndotoni, akaamka akaandika kwenye kijikaratasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii akaenda maabara usiku uleule. Alichukua mioyo miwili ya chura, inapiga. Akaisisimua neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Akachota maji yaliyouzunguka, akayamimina kwenye wa pili, nao ukapunguza. Hapakuwa na neva yoyote kati yao, maji tu.

Sasa swali lako. Amri ya kukunja kidole cha kushoto inaanzia juu, kwenye ganda la ubongo mkubwa, upande wa kulia. Inashuka hadi kwenye shina la ubongo, pale kisogo kinapokutana na shingo. Hapo nyuzi zinavuka: karibu tisa katika kila kumi za upande wa kulia zinaingia kushoto, na za kushoto zinaingia kulia, kama watu wanaopishana mlangoni. Baada ya hapo zinateremka na ugwe hadi pingili za shingo, zinakabidhi ujumbe kwa neuroni nyingine, na hizo ndizo zinazotoka kupitia kwapani hadi vidoleni. Damu iliziba juu ya njia panda. Kwa hiyo neva za mkono wa babu ni nzima, msuli ni mzima. Anayetoa amri ndiye aliyenyamaza.

Na ulishangaa kwamba anaongea vizuri. Kwa watu wengi usemi unakaa upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris aliufungua ubongo wa marehemu aliyeishi miaka mingi akiweza kutamka neno moja tu, “tan”, akakuta kidonda mbele upande wa kushoto. Upande huo wa babu haukuguswa. Bado analalamika kwamba chai haina sukari. Ubongo mdogo wa nyuma unaopima mizani ya mwili nao ni salama, na shina la ubongo linaloendesha pumzi na moyo bila kukuomba ruhusa. Lingeguswa hilo, nisingekuwa naandika barua ya namna hii.

Zuhura, kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Babu aliamka alfajiri akaniambia mkono una ganzi. Nikamwambia ameulalia. Nilisema hivyo kwa sababu sote tumeulalia mkono: neva ikibanwa ujumbe haupiti, ukiinuka inachomachoma kama sisimizi, kisha inapona. Nikamwacha anywe uji. Uji ukawa unamtoka pembeni ya mdomo, upande uleule wa kushoto. Mkono mtu anaweza kuulalia, lakini mdomo na mkono vikilegea pamoja, tatizo haliko mkononi. Leo nalijua. Siku ile shangazi yako akasema upepo mbaya, akatafutwa mtu wa kumsomea, tukatoka nyumbani adhuhuri. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kwa kawaida inatakiwa itolewe kabla hayajapita masaa manne na nusu tangu dalili zianze. Nimesoma kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika zinakufa neuroni karibu milioni mbili. Nilichukua kalamu nipige hesabu ya kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Sikuimaliza. Vidonge vyake vya presha nilivikuta kabatini, boksi halijafunguliwa. Alikuwa “anajisikia vizuri”.

Unakumbuka yule kibarua wangu aliyekatwa na kioo kwenye kiganja? Vidole vyake vilipata hisia tena baada ya miezi, maana neva ya mkononi ikiungwa huota kama milimita moja kwa siku. Seli zilizokufa ubongoni hazioti hivyo. Jirani zake ndizo zinazofundishwa kazi, kwa kurudia kitu kilekile mpaka kinyaa. Mguu wa babu umeutangulia mkono, na yule mama ananiambia ndivyo ilivyo kwa wengi: vidole vimetengewa eneo kubwa ajabu kwenye ganda la ubongo, kuliko mgongo mzima, kwa ajili ya ufundi wake. Hapo ndipo palipoumia.

Kwa hiyo kila jioni tunamwaga choroko kwenye sinia, naye anaziokota kwa mkono wa kushoto kuzitia kikombeni. Wiki ya kwanza hakuokota hata moja, akaipindua sinia kwa mkono wa kulia kwa hasira. Juzi aliokota kumi na moja, bibi yako akazihesabu kwa sauti, na ya kumi na mbili ikamponyoka ikaingia kwenye kanzu. Ukija likizo umletee mpira wa tenisi, mmoja tu, usiwe mpya. Mpya ni mgumu kuuminya.

Baba yako