Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Suala la Homa ya Ini

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Shule inafunga muhula wa kwanza na vijana wenu wanarudi nyumbani. Matokeo, michango inayodaiwa na tarehe ya kufungua vimo kwenye ripoti, sitavirudia. Nawaandikia kwa jambo lililoniletea simu nyingi muhula huu kuliko ada: homa ya ini.

Mnajua lilivyoanza. Wataalamu wa damu salama walikuja, wanafunzi waliotimiza miaka 18 wakajitolea. Kila chupa ya damu hupimwa VVU, kaswende, na homa ya ini aina ya B na C. Kabla ya wiki kuisha uvumi ulishajaa bwenini kwamba yupo mwenzao "mwenye ini". Majibu ni siri ya aliyechangia. Mimi sikuletewa na sitayaomba. Baadhi yenu mmetaka nimtaje, wengine nimhamishe bweni. Sitafanya hata moja, na si kwa ukaidi.

Homa ya ini husababishwa zaidi na virusi vya aina tano: A, B, C, D na E. A na E hupita mdomoni, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hizo tunazikabili kwa choo safi, sabuni na maji yaliyochemshwa. B na C ni za damu. B huambukiza pia kwa kujamiiana bila kinga, na mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. D humpata tu mwenye B. Hakuna anayeambukizwa B wala C kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye chumba kimoja, kumkumbatia au kuumwa na mbu. Kwa hiyo kumhamisha mtu bweni hakumlindi yeyote.

Kinachonitia hofu mimi ni wembe. Kirusi cha B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado na nguvu, kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Na patroni ameniambia jinsi wavulana wanavyonyoana Jumamosi jioni kabla ya ukaguzi: wembe mmoja, vichwa sita au saba. Upande wa wasichana ni pini ya kutobolea masikio. Tukifungua, kila mmoja aje na nyembe zake na mswaki wake, na matroni na patroni watakagua. Huko nyumbani pia, anayechanjwa chale likizo hii, wembe uwe mpya.

Sasa niwageukie ninyi. Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, na leo chanjo hiyo imo ndani ya ile ya Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wengi wa vijana hawa walichanjwa. Tafuteni kadi za kliniki mhakikishe. Wengi wenu hamkuchanjwa. Anayepiga simu kuuliza mwanawe yuko salama huenda ndiye asiye na kinga nyumba nzima. Nendeni mpime, na msiokutwa na maambukizi mchanjwe: sindano tatu ndani ya miezi sita. Kwa mtu mzima mara nyingi hulipiwa, ulizeni bei mapema.

Msisubiri macho ya manjano. Mwenye B anaweza kukaa miaka mingi bila kuumwa popote, mpaka ini lisinyae au liote saratani. Na umri una uzito mkubwa hapa: watoto wachanga 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hubaki na kirusi hicho maisha yao yote, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 5 kati ya 100. Mjamzito akiambiwa apime, apime.

Anayekutwa nayo hajahukumiwa kifo. C hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. B haijapata dawa ya kuiondoa kabisa, lakini kuna vidonge vya kuituliza, na si kila mwenye nayo huvihitaji. Daktari ndiye ataamua. Nawasihi msimpe kijana mizizi ya "kusafisha ini". Baadhi ya mitishamba hiyo huliumiza ini lile lile.

La mwisho ni mahindi, na wakazi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2016 mkoa wetu na Manyara vilizika watu kwa sumukuvu. Sumu hiyo ya ukungu hushambulia ini, na ikikutana na kirusi cha B hatari ya saratani hupanda mara nyingi zaidi. Kuosha hakuiondoi, kupika hakuimalizi. Mavuno ndiyo haya yanaingia: anikeni juu ya turubai, si udongoni, pukuchueni yakikauka barabara, toeni punje zilizooza. Mtunza stoo ameagizwa kurudisha gunia lolote la mchango lenye ukungu, hata likiletwa na mjumbe wa bodi.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule