Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukaguzi wa Boila na Madaftari Yetu

Ndugu wanachama, waendesha boila wenzangu,

Mambo ya fedha atayasema mhazini. Waliolipa ada nawashukuru, wasiolipa wanajijua.

Mwaka huu gumzo letu, kuanzia Chang'ombe hadi Mikocheni, lilikuwa moja: kanuni za ukaguzi. Wapo wanaotaka tuiombe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke) ikaguliwe kwa hali yake, si kwa kalenda. Wazo si geni. Uingereza walikaa miaka mingi na kikomo cha miezi 14 kati ya ukaguzi na ukaguzi kwa boila za mvuke, kisha kanuni za 1989 zikaleta utaratibu wa kila mtambo kuandikiwa mpango wake wa ukaguzi. India, zinakotoka boila kadhaa tunazoendesha, wameiweka kando sheria ya boila ya 1923 na kutunga ya 2025: makosa madogo yamebaki ya faini, ila kuchezea vali ya usalama bado ni jinai. Hapo wamenifurahisha. Nasi tuliagana na sheria ya viwanda ya mkoloni tulipopata Sheria Na. 5 ya 2003, ya usalama na afya kazini.

Hata hivyo ombi hilo siliungi mkono, bado. Niliitwa kiwandani kwa mwenzetu mmoja. Kioo cha maji, kile cha kuonesha kina cha maji ndani ya boila, kinaonesha nusu, maji yametulia kama ya mtungini. Boila ikiwa kazini maji ya kioo hucheza! Tukakimwaga, tukafunga koki, tukangoja. Hayakurudi. Chokaa ya maji ya kisima, haya yetu ya chumvi, ilikuwa imeziba njia ya chini, na tulichokuwa tukikitazama ni mvuke uliopoa tu. Tukazima moto, pampu ya maji hakuna aliyeigusa, maana maji baridi yakikuta mabomba makavu yenye moto, mnazikana.

Cheti cha ukaguzi ukutani kilikuwa hai. Daftari la zamu nalo lilisema kioo kimepulizwa, yaani kimemwagwa kusafisha njia zake, kila zamu: sawa, sawa, sawa.

Mkaguzi anakuja siku moja, zilizobaki ni zetu. Tukiondoa kalenda, mtaalamu atapanga ukaguzi kwa kusoma hayohayo madaftari.

Kwa hiyo mkutano ujao kila mmoja aje na daftari la boila yake la miezi mitatu, lilivyo, na madoa yake ya mafuta. Lenye wino mmoja na mwandiko mmoja kutoka tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi, kama lililojazwa kwa mkupuo, nitamrudishia mwenyewe mbele ya wote.

Mwenyekiti