Mashimo ya barabara za Moshi hayatokani na barafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyodai kwamba mashimo ya barabara zetu husababishwa na maji yanayoganda ndani ya lami nyakati za baridi. Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naamini mwandishi aliyachukua maelezo hayo kwa nia njema. Ni maelezo ya kweli, ila si ya huku.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakigandia ndani ya ufa wa jiwe huusukuma ufa huo upanuke, na yakiyeyuka hupenya ndani zaidi, tayari kwa usiku unaofuata. Kwetu jambo hilo hutokea mlimani Kilimanjaro. Anayelala kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, huweza kuamka akakuta maji ya chupa yameganda, na vifusi vya mawe vilivyotapakaa chini ya vilele vya Mawenzi vina mkono wa barafu. Moshi mjini hatufiki hata mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Julai tunavaa masweta, lakini kipimajoto hakikaribii sifuri.

Hata katika nchi za baridi, barafu haimalizi kazi peke yake. Ikiyeyuka chini ya lami huacha udongo umelowa chepechepe, kisha gari zito likipita lami hudidimia na kupasuka. Ndiyo maana jimbo la Minnesota nchini Marekani hupunguza uzito wa malori katika barabara nyingi majira ya barafu kuyeyuka. Huku kwetu kulowa huko huletwa na masika, baada ya jua la miezi mingi kuikausha lami hadi ikaanza kupasuka.

Nimelitazama shimo moja likizaliwa mbele ya nyumba yangu, eneo la Pasua. Mwezi Machi palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Mvua zilipokolea, mtaro wa kando ukiwa umeziba kwa mchanga na mifuko, maji yalisimama barabarani siku nzima, na kila lori la matofali lilipopita ufa ule ulitema maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakaacha mstari wa tope juu ya lami. Tope lile ndilo lililokuwa limeishikilia kokoto ya chini. Baada ya wiki mbili lami ilibonyea, na kabla Aprili haijaisha shimo lilikuwa na upana wa sinia, bajaji zikipita upande wa pili kama zimekatazwa.

Baadaye walikuja mafundi, ambao sitaki kuwataja. Walimwaga lami ndani ya shimo lenye maji, wakaipigapiga kwa mgongo wa koleo, wakaondoka. Kiraka hakikumaliza mwezi. Kiraka cha kweli huanza kwa kukata kingo wima hadi penye lami nzima, kutoa maji na tope lote, kushindilia kokoto, kupaka lami nyepesi ya kushikanisha, ndipo kujaza na kushindilia tena.

Jambo la uzito nalo halisemwi vya kutosha. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba mzigo wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ukiongezeka maradufu, uharibifu hukaribia mara 16. Lori lililopita mizani ya barabara kuu bila kosa bado linaweza kuwa zito mno kwa mtaa uliojengwa kwa ajili ya daladala na pikipiki.

Kwa hiyo ninaomba wahusika wazibue mitaro mwezi Februari, kabla ya masika, na malori ya mchanga na matofali yazuiwe kuingia mitaa ya ndani mvua zinapokuwa kubwa. Mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga, iliteremsha maji hadi vihambani, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba, tangu enzi za mababu zetu, kwa hiyo kuyaongoza maji si elimu ngeni mkoani humu. Na mtaro ukizibuliwa, tope lichukuliwe siku hiyo hiyo. Mara ya mwisho kwetu lilirundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha lilikotoka.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi